Maswali ya Wasomaji: Mnyama Mbioni Kwenye Chapa ya Lino

Barua za safari hii zimejaa duma, nyumbu na twiga. Zilizofanana tumeziunganisha, na ndefu tumezifupisha. Kwa anayeanza leo: chapa ya lino ni picha inayochongwa kwenye kipande cha lino, kitandiko cha sakafu cha mafuta ya kitani; kipande hicho hapa tunakiita kibao. Panapochongwa hubaki peupe, pasipoguswa hupokea wino, kisha karatasi hulazwa juu na kusuguliwa.

Ndugu wahariri, hamjambo? Nimemchonga duma nikifuata picha iliyopigwa Serengeti, miguu yote minne imenyooka. Kwenye picha anapaa. Kwenye chapa yangu amekuwa ngozi iliyowambwa ukutani. Nimeongeza mistari ya upepo nyuma yake, haikusaidia. Kosa liko wapi? (Msomaji, Arusha)

Hatujambo, ndugu yetu. Kosa liko kwenye mchoro, si kwenye mkono wako. Duma akiwa mbioni huwa hewani mara mbili katika kila hatua moja kamili. Kuna wakati amejikunja, miguu ya nyuma imepita ile ya mbele chini ya tumbo, na kuna wakati amejinyoosha. Wewe umechagua kilele cha kujinyoosha, pale miguu ilipofika mwisho wake na haina tena pa kwenda, na jicho la mtazamaji linapokea umbo lililotulia. Sogea kidogo kabla au baada ya hapo: mguu mmoja wa mbele unakaribia kugusa ardhi, mwenzake bado umekunjwa, mguu mmoja wa nyuma umenyooka kabisa, wa pili umeanza kurudi. Mtazamaji atamalizia hatua mwenyewe.

Usitegemee picha moja. Tafuta video, uisimamishe fremu kwa fremu. Duma akikimbia kwa kasi hupiga takriban hatua tatu kamili kwa sekunde, kwa hiyo video ya fremu 30 kwa sekunde itakupa fremu kama kumi za hatua moja. Zichore zote kwa haraka, kila moja ukubwa wa kiberiti, uzijaze weusi mtupu, kisha uzitazame ukiwa umbali wa mita tatu. Ile inayokimbia bila macho wala madoa ndiyo ya kuchonga. Njia hii pia inakuepusha na kunakili picha ya mpigapicha mwingine, ambayo ni mali yake hata kama umeikuta mtandaoni.

Kabla ya miguu, vuta mstari mmoja wa uti wa mgongo kutoka shingoni hadi ncha ya mkia. Akijikunja mgongo hupanda juu. Akijinyoosha hubonyea kidogo. Kichwa hakifuati kupanda na kushuka huko, hubaki karibu usawa mmoja, macho kwa windo. Mkia ndio usukani wake anapokata kona. Usiuchore umenyooka nyuma, utupe upande.

Chini yake weka kivuli kilichoachana na miguu. Kwenye kibao cha sentimita 20 kwa 30, pengo la sentimita moja au moja na nusu latosha kumwinua ardhini. Na hiyo mistari ya upepo ichonge yote iishe. Mistari hiyo ni ya katuni, na mara nyingi huwekwa pale ambapo mkao umeshindwa kufanya kazi yake.

Wale mliouliza kuhusu punda milia, fuateni farasi: yeye huwa hewani mara moja tu kwa hatua, na wakati huo miguu imekusanyika chini ya tumbo. Wachoraji wa Ulaya walikuwa wakimchora farasi wa mbio amenyoosha miguu yote hewani, mbele na nyuma, mpaka picha za mfululizo alizopiga Eadweard Muybridge huko Palo Alto, California, mwaka 1878 zikaonyesha kwamba sivyo. Tembo naye hana kuruka hata kidogo. Hata akienda mbio za kilomita 25 kwa saa, lazima mguu mmoja angalau uwe chini. Mwonyeshe haraka yake kwa masikio, mkonga na vumbi. Tembo mwenye miguu minne hewani atachekwa na kila aliyewahi kufika Manyara.

Shikamooni. Ninachonga nyumbu wanaovuka mto Mara. Nina patasi tatu, zinazotajwa kwa umbo la makali yake: ya V milimita 1, ya U milimita 3 na ya U milimita 8. Kila mnyama nimemchonga kwa uangalifu, nywele, macho hadi kwato, lakini kundi limesimama. Vumbi limekuwa madoa meupe tu. (Mwanafunzi, Narok)

Marahaba. Umechonga nyumbu mmoja mmoja, ndiyo maana hakuna kundi. Lichore kundi lote kama bonge moja jeusi. Ndani yake chonga mwanga tu: mstari wa mgongo, ukingo wa pembe, bega. Walio mbele, wawili au watatu, wape nyuso. Wanaofuata ni pembe na mabega, na wa mwisho kabisa ni mikato mifupi. Usimpe kila mmoja miguu minne; katika msukosuko wa kuvuka hakuna anayeihesabu. Nyumbu ana bega lililo juu kuliko kiuno, na akienda mbio kichwa hushuka. Mteremko huo ukirudiwa mgongo baada ya mgongo ndio unaoleta wimbi, mradi urefu utofautiane kidogo, milimita tano hapa, kumi pale. Ukilingana, utapata meno ya msumeno.

Sasa patasi, maana hapa ndipo wengi wanapopoteza mwendo wakiwa na mchoro mzuri. Mkato wa patasi ya V hauna unene mmoja. Unapoingia ni mwembamba. Ukiinua mpini, patasi huzama na mkato hupanuka. Ukiushusha, hupanda na mkato huisha kwa ncha. Shika pembe ya nyuzi 20 hadi 30. Kwa mnyama anayekimbia, unene wa mkato uwe upande anaokwenda na ncha ibaki nyuma. Vumbi la kwato, kwa mfano, lianzie nyuma, penye wembamba, usukume kuelekea kwato huku mkono ukipanda taratibu, na mkato utokee kwenye eneo ambalo tayari umelichonga. Ukifanya kinyume, vumbi litaonekana linamvuta mnyama arudi.

Vumbi lenyewe si weupe mtupu. Tumia U ya milimita 3 kwa mikato mifupi inayopandana, uache matuta madogo meusi katikati. Karibu na kwato weupe uwe mwingi, na kadiri unavyorudi nyuma matuta yaongezeke mpaka weusi urudi wote. Maji ni kitu kingine: mikato ya V inayoruka kutoka mguuni kwenda juu na pembeni, mirefu kwa mifupi, isiyolingana. Kwenye mto wako utahitaji vyote viwili, vumbi ukingoni na maji katikati, na usivichanganye.

Kosa kubwa zaidi, na tunakisia unalo: kumzungushia mnyama mkato kwa nje, kufuata umbo lake lote, ndipo uchonge mandhari. Mzunguko huo huchapika kama utepe mweupe kumzunguka, na mwendo wote hufia hapo. Upande wa mbele, yaani pua, kifua na goti, ukingo uwe mkali na safi. Upande wa nyuma, mapaja na mkia, ukingo uvunjike: mikato ya mandhari iingie ndani ya mwili kidogo na weusi wa mwili utoke nje. Matuta ya U ya milimita 8 angani usiyasafishe yote. Yapange yalale kufuata njia ya kundi, nayo yatafanya kazi kuliko mistari yoyote ya upepo.

Kina: milimita 1 kwa mistari, karibu 2 kwa maeneo mapana. Lino ya kuchongea kwa kawaida ina unene wa milimita 3.2, ukiona nyuzi za juti, yaani kitambaa cha mgongoni, umeshazidi. Patasi ikianza kuacha chenga badala ya kutoa ukanda mmoja laini, ni butu. Kipande cha mkanda wa ngozi kilichogundishwa ubaoni na kupakwa dawa ya kung'arishia chuma kinatosha: burura patasi kurudi nyuma mara kumi hivi, kila baada ya dakika 20 za kazi. Kinoo kitumie tu pale makali yamepata pengo.

Twiga wangu alikuwa anakwenda kulia, kwenye chapa anakwenda kushoto. Naomba msaada. (Msomaji, Tanga)

Kila chapa hutoka kinyume na kibao. Chora kwenye karatasi inayoonyesha upande wa pili kwa penseli laini, 4B au 6B, igeuze uso chini juu ya lino, ishike kwa tepu, usugue mgongo wake kwa kijiko. Mchoro utahamia ukiwa umegeuka, na chapa itarudi sawa. Sahihi na tarehe usichonge. Andika kwa penseli chini ya chapa.

Kabla hujachonga upya, ukague huo mwendo. Twiga akitembea, miguu ya upande mmoja husogea karibu pamoja: wa nyuma kulia, kisha mara moja wa mbele kulia. Wengi humchora kwa mpishano wa farasi anayetroti, yaani mguu wa mbele wa upande mmoja na wa nyuma wa upande wa pili vikisogea pamoja, na mtu hashangai chochote ila anahisi kuna kitu hakiko sawa. Twiga hana troti. Hutembea au hukimbia, na akikimbia miguu ya nyuma hupita nje ya ile ya mbele huku shingo ikienda mbele na nyuma.

Hapa Dar nimenunua "lino" kwa wauza kapeti za sakafu. Patasi inateleza juu, halafu inararua. Ni patasi au ni lino? (Msomaji, Temeke)

Ni bidhaa. Nyingi ya kapeti hizo ni plastiki ya PVC, tena zina sponji chini. Lino halisi, aliyoitengeneza kwanza Mwingereza Frederick Walton miaka ya 1860, ni mafuta ya kitani yaliyogandishwa kwa hewa, yakachanganywa na unga wa magome ya koki na unga wa mbao, juu ya kitambaa cha juti. Ikate ukingoni uinuse: lino hunuka mafuta, PVC hunuka plastiki. Kisha tazama mgongo, utaona juti. Ukikosa kabisa, PVC ngumu isiyo na sponji, ya unene wa milimita 3, hufaa kwa maumbo makubwa, ila mistari myembamba ya manyoya haitakaa.

Lino ya zamani huwa ngumu na hukatika chenga. Iweke juani dakika 10 hadi 15 au pitisha pasi ya moto mdogo juu ya kitambaa, uchonge ingali vuguvugu. Kabla ya kuchora, ipige msasa laini wa namba 400 kwa mkono mwepesi, uifute kwa maji ya sabuni ikauke. Ngozi ya kiwandani iliyoachwa juu hukataa wino mabaka mabaka, na watu huishia kulaumu rola.

Natumia wino wa maji. Kwa joto la hapa Mombasa unakauka kwenye kioo kabla sijachapa nakala ya pili. Nikiongeza wino, mistari ya manyoya ya simba inaziba. Nifanyeje? (Msomaji, Likoni)

Kwanza fikiria kuhamia wino wa mafuta. Wino mweusi wa matbaa, ule wa kopo, unafaa kabisa, na mara nyingi fundi wa matbaa atakuuzia kidogo. Ukibaki na wa maji, changanya matone mawili ya gliserini kwa kijiko kimoja cha chai cha wino, fanya kazi asubuhi mapema, na zima feni. Feni ndiyo adui kuliko jua.

Kuziba kuna sababu mbili, na mara nyingi zinakuja pamoja: wino mwingi, au mkato usiofika kina. Kwa kibao cha sentimita 20 kwa 30 anza na kijiko kimoja cha chai. Utandaze kwenye kioo mpaka rola itoe mchakacho mwembamba. Ikitoa mlio mzito wa kunata, wino umezidi, ukwangue. Paka kibao mara tatu au nne, nyembamba, ukibadilisha upande wa rola kila mara, badala ya mara moja nzito. Chapa mbili tatu za mwanzo hutoka hafifu kwa sababu lino inakunywa wino. Zitumie kwa karatasi ya majaribio, na usiongeze wino kwa hasira. Manyoya yakishaziba, chapa mara mbili kwenye gazeti bila kuongeza wino, kisha safisha mistari kwa mswaki mkavu.

Kama huna mashine, chagua karatasi nyembamba, gramu 80 hadi 120. Ile nene ya gramu 250 itakutoa jasho na bado weusi utatoka na chembe nyeupe. Sugua kwa mgongo wa kijiko cha mbao kwa miduara midogo, kutoka katikati kwenda pembeni, mkono mmoja ukishikilia. Weka karatasi ya kuokea juu ili kijiko kisitafune. Inua kona moja, tazama, irudishe, usugue palipofifia.

Unaposafisha wino wa mafuta, futa kwanza kwa mafuta ya kula, halafu sabuni. Matambara yenye wino au mafuta ya kitani msiyafinyange na kuyatupa kwenye kapu. Yanapokauka hutoa joto na yanaweza kuwaka yenyewe. Yatandazeni nje, au yaloweke kwenye ndoo ya maji.

Nataka rangi tatu kwa kibao kimoja: vumbi, ngozi ya swala, na weusi. Nakala zinapishana kila mara. Na je, kupishana huko hakuwezi kusaidia mwendo? (Msomaji, Kampala)

Swali lako la pili ni zuri kuliko la kwanza. Njia yenyewe, ya kuchonga kidogo, kuchapa, kisha kuendelea kuchonga kibao kilekile, huhusishwa sana na Picasso, aliyeitumia Vallauris, Ufaransa, mwishoni mwa miaka ya 1950. Ukishachonga hatua ya pili, ya kwanza hairudi, hivyo amua idadi mapema: ukitaka nakala 20 nzuri, anza na 26 au 28.

Chonga kwanza palipo peupe kabisa, uchape rangi nyepesi ya vumbi. Kisha chonga patakapobaki vumbi, uchape kahawia. Mwisho acha weusi pekee: pembe, macho, kivuli, na ule mstari wa ubavuni kama ni swala tomi. Kwa upangaji, gundisha vipande viwili vya ubao kwa umbo la L kwenye plaiwudi, kibao cha lino kiingie konani humo kila mara. Juu yake weka kizuizi cha pili cha L kwa ajili ya karatasi. Karatasi zote zikatwe kwa kipimo kimoja na kona ileile iguse kila mara. Tia alama ya penseli konani, maana karatasi ikigeuzwa mara moja tu imeharibika. Wino uwe mwembamba sana, na ukauke kwa siku kadhaa kati ya rangi, hasa msimu wa mvua. Rangi ya tatu ikiteleza na kukataa kushika, tabaka za chini ni nene na zimeng'aa. Hapo hakuna dawa ya uhakika, ila safari ijayo punguza wino.

Sasa kupishana. Ndiyo, kunaweza kusaidia, lakini kwa kukusudia na kwa rangi moja tu. Sogeza tabaka la kahawia milimita 3 au 4 nyuma ya njia ya mnyama, weusi ubaki mahali pake. Mnyama ataacha kivuli cha alipokuwa. Ikizidi milimita 5 inaonekana ni uzembe, na ikisogezwa mbele inamrudisha nyuma. Kwa mwendo wa rangi, tafuta pia kazi za Claude Flight, Cyril Power na Sybil Andrews wa London, miaka ya 1920 na 1930. Walichonga magari, pikipiki na wapiga makasia, kila rangi na kibao chake, bila kibao cha mistari myeusi ya kufunga maumbo. Mwendo wao hutoka kwenye mikunjo inayorudiwa rudiwa, na mikunjo hiyo inahamishika kwa swala bila shida.

Nina darasa la watoto 40 na patasi kumi. Nihofie nini? (Mwalimu, Dodoma)

Mwalimu, hofia mkono unaoshika, si unaochonga. Ajali nyingi hutokea mkono wa kushoto ukiwa mbele ya makali. Mtengenezee kila mtoto kibao cha kuzuia: plaiwudi ya sentimita 25 kwa 30, mti mmoja umepigiliwa chini kwenye ukingo wa mbele ili ushike meza, mwingine juu kwenye ukingo wa mbali ili lino iegemee hapo. Mikono yote miwili ibaki nyuma ya patasi. Wakitaka kukata kwenda upande mwingine, wageuze lino. Kwa patasi kumi, gawa makundi manne: wanaochora, wanaochonga, wanaochapa, wanaosafisha. Na wape mnyama mwenye umbo linalotambulika haraka. Ngiri anafaa sana: akikimbia mkia husimama wima, na mtoto akishauona huo mkia hahitaji kuelezwa mengi kuhusu mwendo.

Heroe wa Ziwa Nakuru wakiruka nawachonga weupe au weusi? (Msomaji, Nakuru)

Weusi juu ya maji yaliyochongwa mapana, kwa sababu kundi jeupe juu ya anga jeusi litakulazimu kuchonga mwili wote wa kila ndege na utapoteza ukingo wa mabawa. Shingo zinyooke mbele na miguu nyuma. Ukizikunja shingo umechora yangeyange. Manyoya ya ncha ya bawa yatenganishe kwa V ya milimita 1, ukianzia ncha kuelekea mwilini. Mabawa yasiwe ya mpigo mmoja: wengine yako juu, wengine yanashuka, na angalau mmoja aonekane kwa ubavu, bawa likiwa mstari tu.